Manowari na Bomba Tatu, Juu ya Meza ya Keja

Juni 1914 meli moja ya vita ya Wajerumani iliingia Dar es Salaam, na watu wa huko wakaicheki ikiwa imetulia bandarini wakaipea jina yao: Manowari na bomba tatu. Kwa makaratasi ilikuwa SMS Königsberg. Mita 115 kutoka omo mpaka tezi, bomba tatu za moshi, mizinga kumi za milimita 105, mabaharia zaidi ya mia tatu. Mwezi wa nane Wajerumani na Waingereza wakaingia Vita ya Kwanza ya Dunia. Tarehe 20 Septemba, Königsberg ikatokea Zanzibar asubuhi mapema, ikapata HMS Pegasus ya Waingereza imesimama injini zikitengenezwa, ikaichapa hapo hapo mpaka ikazama. Alafu injini za Königsberg zenyewe zikaanza kusumbua. Kapteni Max Looff akaiingiza ndani ya delta ya Rufiji, wasee wake wakakata matawi ya mikoko wakaifunika nayo, na Waingereza wakakaa huko nje baharini wakiisaka na kuingoja mpaka Julai 1915.

Ukiipunguza mara 350, hio manowari inabaki sentimita 33. Ukiipunguza mara 700 inakuwa 16 na nusu, urefu wa simu kubwa. Hapo sasa ndo mimi na printa ya rezini tunapatania.

Ingia duka ya modeli popote duniani, rafu zimejaa manowari kama Bismarck na Yamato, na ndege kama Spitfire na Mustang. Siwalaumu. Moldi ya chuma ya kumwaga plastiki ni doh mob, so kampuni inadai meli yenye itauza maboksi bila kulala kwa rafu. Meli ndogo ilishushwa majini 1905 na ikaishia kwa matope ya Rufiji lazima ikae nyuma ya laini. Printa ya rezini imevunja hio laini. Hakuna moldi. Msee mmoja tu mwenye anaipenda hio meli anakaa chini na michoro za kitambo, anaichora kwa kompyuta mpaka vipini vya milango, anauza faili ama anaiachilia bure, na wewe huku Umoja ama Kayole unaishusha kwa simu. Kama hauna printa, unatuma faili kwa msee mwenye ako nayo, mnaelewana bei, anakuprintia.

Rezini yenyewe ni uji mzito wa kemikali unageuka plastiki ngumu ukipigwa na mwanga wa ultravioleti. Mmarekani Chuck Hull ndo aliomba hataza ya hii teknolojia 1984, na zake zilikuwa za leza. Printa za sai, zile za bei ya watu wa kawaida, zinatumia skrini: mwanga wa nanomita 405 unatoka chini, skrini inauzuia penye hautakiwi na kuuachilia penye unatakiwa, safu moja inaganda, sahani inapanda kidogo, safu ingine inafuata. Safu moja ni milimita 0.05, ama 0.03 kama unadai kitu safi zaidi. Kwa sentimita moja tu ya urefu hizo ni safu mia mbili. So unaiwasha jioni, unaipata asubuhi ikining'inia kichwa chini, inadondoka, imejaa kila mahali miiba ya saporti zenye zilikuwa zinaishikilia.

Na hapo wasee wengi hupiga picha, wanaposti, wanasema wamemaliza. Manze, hapo hata haujaanza. Printa imekupea umbo. Meli ni wewe utaitengeneza, kwa mikono, na hio ndo sehemu naipenda mpaka naeza isahau dishi.

Lakini wacha kwanza nibonge na wewe mwenye unaishi kwa singo rumu. Usilale na rezini. Nasema hivi nikimaanisha kila neno. Mvuke wake haufai kwa kifua, na rezini mbichi ikigusa ngozi kila siku, mwili unaeza ikataa ghafla na hio mzio haitoki tena maisha yako yote. Vaa glavu za nitrili, si zile za mpira wa kawaida. Kwa pua weka barakoa iko na kichujio cha mvuke, juu ile ya kitambaa inazuia vumbi tu. Printa ikae penye hewa inatoka na hakuna mtoto anapita. Maji ya kuoshea na rezini ilibaki usimwage kwa sinki ama kwa mtaro, juu ni sumu kwa viumbe vya maji na huo mtaro unaenda mtoni. Mimina kwa karai, anika kwa jua mpaka kila kitu igande, alafu tupa kama taka ngumu. Kama keja haina hizo mambo, lipa mtu akuprintie na wewe ufanye kazi ya kumalizia. Haujapoteza chochote cha maana.

Julai ya Nairobi pia iko na maneno yake. Rezini hupenda joto ya digrii 20 mpaka 25. Usiku wa baridi inakuwa nzito, haitembei vizuri chini ya sahani, na safu zinabanduka. Pasha chupa kwa maji ya uvuguvugu kabla ya kumwaga.

Königsberg ya sentimita 33 haiingii kwa printa ndogo ikiwa mzima, so unaikata kwa kompyuta ukiwa bado na faili. Kata penye nyumba ya juu itafunika mshono, usikate katikati ya deki tupu penye kila mtu atacheki. Usiilaze flati: safu ikiwa pana, ile filamu ya chini ya tangi inaivuta kwa nguvu kila taim inabanduka, na bodi inajipinda. Iinamishe digrii 30 ama 45, na saporti ziingie upande wa chini ya maji, penye rangi nyekundu itaficha makovu. Na kama umeifanya iwe na tumbo tupu ndo uokoe rezini, toboa matundu ya kuitoa. Rezini mbichi ikifungiwa ndani inakaa ikisukuma kuta pole pole, na baada ya miezi unapata ufa kwa meli ulishapaka rangi na kuipenda.

Ikitoka, inaogeshwa mara mbili kwa alkoholi ya isopropili, mara ya kwanza kwa ile chafu, ya pili kwa ile safi. Iache ikauke kabisa, juu ikipigwa na mwanga ikiwa na unyevu inabaki na madoa meupe. Kisha unakuja ule ukorofi wa saporti. Wasee huanika modeli kwanza alafu wanang'oa na plaisi, na kila mwiba unatoka na kipande cha meli. Mimi nang'oa ikiwa bado laini. Unaitumbukiza kwa maji ya moto, si ya kuchemka, dakika moja hivi, unaitoa na unaanza na miiba minene ya chini ya bodi. Inaachilia yenyewe, unasikia tu ka-sauti ka kukatika. Ukifika kwa mlingoti na ngazi, weka plaisi chini, chukua wembe mpya, kata saporti mbali kidogo na sehemu yenyewe, ile kisiki ilibaki utaimaliza na msasa. Ikiwa omo imejipinda, hayo maji ya moto ndo dawa pia: inyooshe na vidole, ishikilie, ipeleke kwa maji baridi, inabaki vile umeiambia.

Baadaye ndo unaianika. Jua ya saa sita inatosha, hakuna haja ya kununua mashine. Igeuze geuze na usiisahau huko nje, juu rezini ikichomwa sana inakuwa njano na inavunjika kama imeguswa tu.

Msasa utumike na maji kila taim. Vumbi ya rezini haifai kuingia kifuani, na maji yanaifanya ibaki kwa karai. Anza na 400, nenda 600, maliza na 1000. Zile mistari za safu zinajificha sana kwa sehemu zimeinama, hasa pale bodi inajikunja kwenda omo, so funga macho upitishe kidole. Kidole kinamanya mbele ya jicho.

Kuunga tumia supaglu ama epoksi. Ile gundi ya modeli za plastiki hufanya kazi kwa kuyeyusha polistireni mpaka vipande viwili viwe kimoja, na rezini haiyeyuki, so itakauka tu juu na kuachilia wikendi ijayo.

Sasa mizinga. Bomba ya mzinga wa Königsberg ilikuwa mita 4.2. Kwa 1/350 hio ni milimita 12. Tundu ya risasi inakuwa milimita 0.3, na pikseli za printa za sai ziko kati ya 0.02 na 0.05, so tundu inachoreka bila noma. Shida ni bomba yenyewe. Rezini nyembamba hivo ikikaa mahali kuna joto inalegea, na manowari ya bomba tatu inaanza kukaa ni kama imechoka na vita. So nikishang'oa ile ya rezini, naenda kemisti nanunua sindano mpya namba 25. Unene wake ni nusu milimita na iko na tundu tayari. Unaibingirisha chini ya tupa ya pembe tatu mpaka inakatika, unasafisha mdomo na msasa, unatoboa kibao cha mzinga, tone la supaglu, umemaliza. Mizinga kumi, zote zimenyooka, zote chuma. Ukiiweka kwa taa inang'aa hata kabla ya rangi.

Na ukidai kujua mzinga wenyewe unakaa aje, shuka Mombasa, ingia Fort Jesus. Moja yao iko pale. Meli ilipopigwa tarehe 11 Julai 1915, Wajerumani walitoa mizinga yote kumi kutoka kwa mabaki, wakaipeleka Dar es Salaam, ikafungwa magurudumu, wakaendelea kupigana nayo nchi kavu. Ingine iko Pretoria, nje ya Union Buildings. Ukifika Fort Jesus puuza magurudumu, hayo si ya meli. Angalia bomba vile inanenepa ikirudi nyuma, na ile kufuli ya nyuma. Piga picha kutoka kando kabisa, si kwa pembe, ndo uweze kupima. Vyuma za maonyesho ndo michoro zenye hazidanganyi.

Reli za kuzuia baharia asianguke ni hadithi ingine. Kwa ukweli zinafika mita moja hivi; kwa 1/350 ni milimita tatu, na nyaya zake printa haiezi. Wasee hutumia za shaba, zimechongwa kwa kemikali kutoka kwa karatasi nyembamba. Unazikunja na kisu na rula, unagusisha kwa supaglu kidogo sana. Kama doh haitoshi, acha reli kabisa. Meli bila reli inakaa safi; meli na reli nene inakaa kitanda cha mtoto.

Kwa rangi, Nairobi iko mbele kuliko inavyojijua. Hii ni jiji ya nganya. Kuna wasee hapa wanachora sura ya mtu kwa mlango wa mathree na erobrashi, wakipiga nyembamba, wakingoja ikauke, wakirudia, bila tone moja kuteremka. Hio ndo kazi ile ile, ni ukubwa tu umebadilika. Ukimpata msee kama huyo, nunua soda, kaa kando yake, cheki mkono wake. Utajifunza mambo ya presha na umbali kushinda video yoyote.

Praima ni ya kijivu, na maduka za rangi ya gari kule Kirinyaga Road ziko nayo. Ipige nyembamba juu ya nene huwa inajaza milango na madirisha zote ulilipia. Kazi yake si urembo. Praima inakuonyesha kila kovu ulidhani umemaliza, na unarudi kwa msasa bila kinyongo.

Picha za 1914 ni nyeusi na nyeupe, so kijivu ya Königsberg unaamua wewe, ukisaidiwa na vile jeshi la majini la Wajerumani lilikuwa likipaka meli zake. Kitu moja tu: usitumie kijivu ya ukweli. Kitu kidogo hukaa giza kuliko kitu kikubwa, so ongeza nyeupe mpaka uone imezidi kidogo, hapo ndo sawa. Baadaye rangi ya mafuta imechanganywa ikawa maji maji, kahawia na nyeusi, inaingia kwa mishono na unapangusa ilibaki na kitambaa, ukivuta kutoka juu kwenda chini vile mvua inatembea. Kuhusu kutu, wengi huzidisha mpaka meli mpya inakaa mabaki. Lakini hii yetu ilikaa kwa maji ya mto miezi na miezi, kwa joto, bila karakana. Inastahili kutu yake chini ya nanga na kando ya mstari wa maji.

Mimi naijenga ikiwa Rufiji, chini ya matawi. Ndo sura yake ya ukweli kwetu. Mkoko wa mita kumi unakuwa chini kidogo ya sentimita tatu: mizizi mikavu ya nyasi imegeuzwa juu chini, ikichovywa kwa gundi, majani chai yamenyunyizwa juu na kupakwa kijani. Ile miguu ya mkoko yenye inashuka majini inatoka vizuri sana kwa mizizi ya nyasi, huwezi ichonga bora zaidi. Maji ni epoksi imetiwa kahawia, juu Rufiji inabeba udongo, haikuwahi kuwa ya bluu.

Na naweka watu. Injini zilipokataa, sehemu za boila zilitolewa zikavutwa nchi kavu mpaka karakana za Dar es Salaam, na waliovuta ni vibarua Waafrika. Vitabu vinamjua Looff kwa jina na cheo. Ya hao wengine havina hata jina moja. Mtu wa 1/350 ana urefu wa milimita tano, unaeza mprinti na kamba begani. Nikiweka kundi yao kwa ukingo wa matope, wakiinama mbele, kila mtu anayekuja keja anauliza hao ni akina nani, na tunabonga.

Ndege ndo zilisaidia kumaliza hio meli, so nazo naziprinti, kwa 1/72. Rubani wa kiraia, Dennis Cutler, ndo aliiona kwanza kutoka juu, na ndege ya Curtiss ya kutua majini, Novemba 1914. Baadaye zikakuja Sopwith zenye joto na unyevu wa Pwani viliziangusha. Short zilizofuata zilikuwa zinapaa chini chini, lakini Aprili 1915 rubani wa Waingereza, John Cull, akapiga nazo picha ya manowari ikiwa mafichoni. Mwishowe Henri Farman na Caudron, kutoka uwanja ulitengenezwa kisiwa cha Mafia. Tarehe 11 Julai, Cull na mwenzake Arnold wakawa juu wakiambia manowari mbili za Waingereza za maji mafupi, Severn na Mersey, risasi zao zinaanguka wapi. Ndege ikapigwa. Ikiwa inaanguka, Arnold akaendelea kutuma marekebisho. Walitua mtoni, wakaokolewa, na Königsberg haikuona jioni ikiwa salama.

Bawa la ndege ya hio enzi ni kitambaa na mbao, so rezini lazima iwe nyembamba mpaka utishike. Liprinti likiwa limesimama, kingo ya mbele ikiangalia sahani. Nguzo za katikati ya mabawa usiziamini zikiwa rezini. Toboa, weka waya wa shaba, juu baada ya mwaka kwa keja yenye joto bawa la juu litashuka. Nyaya za kushikilia mabawa funga na nyuzi ya kuvutika yenye ni nyembamba kuliko nywele. Funga kutoka katikati ukienda nje, upande huu na ule kwa zamu, la sivyo mabawa yanajivuta upande mmoja.

Faili ya ule mzinga usiifute ukimaliza, juu kuna meli ingine inaingoja. Graf von Götzen ilijengwa Papenburg, Ujerumani, 1913, ikafunguliwa, ikawekwa kwa maboksi kama 5,000, ikaletwa Dar es Salaam kwa meli na Kigoma kwa reli, ikaungwa tena huko ziwani. Vita ikiendelea ikafungiwa mzinga mmoja wa Königsberg. Julai 1916 Wajerumani wenyewe wakaizamisha baada ya kupaka injini grisi, Waingereza wakaitoa 1924, na 1927 ikarudi kazini kwa jina Liemba, jina yenye iko nayo mpaka leo Ziwa Tanganyika. Urefu wake ni karibu mita 70, so kwa 1/350 ni sentimita 20, na hii inaingia kwa printa ndogo na kukatwa mara moja tu. So ukienda kemisti, nunua sindano ya kutoa mizinga kumi na moja.